Makoti Niliyoyapeleka Lituhi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Babu yako hajambo, yuko shambani anachuma kahawa. Mimi situlii tangu uniulize kwa nini watu huko Dar wanasifia picha za masweta yako mtandaoni lakini hawanunui.

Mitumba iliporuhusiwa nilikuwa na umri wako. Kwa pupa ya kuwawahi wenzangu, nilibeba makoti mazito kutoka hapa Mbinga, nikashuka nayo Lituhi, ziwani. Watu walijaa, wakayashika, wakayasifia. Mama mmoja aliyekuwa akianika usipa, wale dagaa wa ziwani, alijaribu moja, jasho likimtiririka, akacheka: "Zuri, mwanangu. Sasa nilivae wapi?"

Nikayarudisha Mbinga kwenye baridi. Yaliisha kabla sijafika sokoni.

Hao wanaokusifia, Neema, wanasikia baridi?

Bibi yako