Siku Nilipotaka Kutoka Chamani

Mjukuu wangu Shikuku,

Hapa Amalemba sisi wazima. Nyanyako huipungia mkono kila ndege, ati ni wewe unaiendesha.

Unauliza kama nyinyi marubani mkihame chama chenu cha wafanyakazi kwa sababu mwenyekiti wenu mzembe. Nilipoendesha trekta la miwa, tulinyeshewa kazini bila makoti, naye mwenyekiti wa chama chetu hakututetea. Nikasimama mkutanoni: "Mimi natoka!"

Nekesa, mkata miwa, akaniuliza, "Ukishatoka, utampigia kura ya kumng'oa ukiwa wapi?"

Watu wakacheka, nikaketi. Uchaguzi ulipofika tukamng'oa, wakanichagua mimi! Nilihangaika na meneja wa kampuni miezi mingi, mpaka tukapewa makoti ya mvua. Nekesa alivaa lake juani, akapita mbele ya ofisi ya meneja akiimba.

Ruka salama,
Kuka wako