Lengalenga Bila Tundu

Rosettenville, Johannesburg
Tarehe 4 Desemba 2017

Dada Jocelyne, Jeannine wetu anaolewa, na mkifika huku msikanyage uani kwangu!

Haya, nimeshasema. Sasa nikusalimie vizuri kama tulivyolelewa. Mpendwa dada yangu, hujambo? Mguu unaendeleaje? Shemeji anapumua vizuri siku hizi? Hapo Lubumbashi mvua zimewafikia? Sisi tu wazima, Mungu anatushika. Najua simu yako ilitumbukia majini, ndiyo maana nimempa Méthode barua hii. Anapanda basi kesho na bidhaa zake.

Mchumba mwenyewe ni Glody, mtoto wa watu wa Likasi. Ni msimamizi wa walinzi, ana watu chini yake, na Jeannine akinong'ona tu yeye ameshasimama. Lakini nani asingemtaka Jeannine? Saluni yake ina viti vitano. Wanawake wanatoka hadi Observatory kuja kusukwa na mikono ile niliyoizaa mimi.

Bustani yangu unaijua, nimekuchosha nayo: lengalenga, matembele, majani ya maboga, nyanya kando ya ukuta. Nilimwambia mama yake Glody mbele ya watu kwamba siku ya arusi hatutanunua hata jani moja. Wageni wote watakula jasho langu.

Basi mvua za Novemba zikaleta konokono, na nyuma ya konokono wakaja wadudu ambao hujawahi kuwaona. Wekundu kama tofali, wakubwa kuliko kidole gumba changu, miguu yote miiba. Ukimgusa anakurukia na kukutupia choo cheusi kinachonuka. Mwenye nyumba, yule mzee Mreno, alicheka tu, akasema niwaache, ndio wanaokula konokono. Lakini Jeannine alimkuta mmoja ndani ya beseni la mboga, akapiga kelele hadi majirani wakatoka. "Eish, Mama, huyu anatembea kama amevaa viatu!" Glody alikuwepo.

Wiki iliyofuata bustani ilinyamaza. Sijui nikuelezeje. Huku kuna ndege wanaitwa hadida, wenye midomo mirefu, asubuhi wanapiga kelele kama watu wanaogombania urithi. Hawakulia. Mmoja nilimkuta chini ya maboga, shingo imekunjika. Konokono hakuna. Wale wadudu wekundu walikuwa wamelala chali, na hata sisimizi hawakuwagusa. Na lengalenga, dada, sijawahi kupata nzuri kama ile: majani mapana, bila tundu hata moja. Nilijisifu, nisikufiche. Nikavuna beseni zima nikampelekea Mama Tania, rafiki yangu Mrundi wa La Rochelle, mtaa wa jirani hapa, ili aone.

Mchana huohuo akanipigia simu.

"Denise, mboga hizi umezitia nini?"

"Mikono yangu. Nini kingine?"

"Acha majivuno! Nimewapa sungura majani ya pembeni. Wote wako chini, wanatoka povu."

"Na chungu?"

"Nimeshaipua, watoto wameshika sahani."

Nikapiga ukelele: mwaga, mwaga, mwaga! Akamwaga. Watoto hawakuwa wameonja. Hadi leo nikiona sahani tupu, naigeuza kifudifudi.

Glody nilipomuuliza, alijibu huku anatabasamu, maskini. "Mama, nilitaka kukusaidia. Nimewamaliza wote, sharp kabisa." Kumbe alinunua pale kwenye robot, taa za barabarani, zile punje nyeusi wanazouza za panya, akazitawanya kwenye mboga, na kwenye nyasi, uani kote, palepale hema la arusi lingesimama. Muuguzi wa kliniki ametuambia kwamba mizizi inainywa sumu hiyo na kuipandisha hadi kwenye jani. Kuosha hakusaidii, kuchemsha hakusaidii. Kijana alilia hadi nikamshika kichwa. Watu nimewaambia niliiweka mimi. Mama yake asijue, nakuomba. Nisingependa mwanangu aolewe nyumba itakayomkumbusha mumewe jambo hilo kila wakigombana.

Nimeng'oa vyote kwa glavu na kuvifunga kwenye mifuko. Ndiyo, mimi Denise nitanunua lengalenga sokoni. Lakini udongo siwezi kuung'oa. Mvua inanyesha kila alasiri, na maji yanapita chini ya ukuta kwenda sijui kwa nani. Jana paka wa jirani alikatiza uani. Leo sijamwona.

Arusi tumeihamishia ukumbi wa kanisa letu, La Rochelle. Shida ni kwamba kadi zilishatoka na anwani ya kwangu, wengine hawapatikani kwa simu, na kila mtu anakuja na watoto wanaokimbia peku. Kwa hiyo Jeannine akiingia ukumbini, mama yake atakuwa huku Rosettenville, amesimama getini na kitenge chake kipya, anawarudisha watu. Kiti changu cha meza ya mbele ukalie wewe. Kaa wima, wakuone.

Nisalimie Shemeji, Benita, na Hénock na wanawe. Mwambie Hénock watoto wavae viatu tangu kwenye basi, wasivivue hata kwa joto. Mungu awafunike njia nzima, asipungue hata mmoja wenu.

Mimi mdogo wako, ambaye moyo wake uko kwako,

Denise

Usisahau: kanisani La Rochelle, si kwangu. Wote tunawangoja Jumamosi, tarehe 16 Desemba.