Gari Linazima Kila Likisimama, na Lawama Ni Zangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada na usinicheke, maana wenzangu wanakuandikia mambo ya ndoa na mimi nakuandikia mambo ya gari, ingawa ukinivumilia utaona ni yale yale. Mimi ni fundi wa mapazia, nina gari la zamani la kabureta alilonipa baba nilipofungua duka, na tangu injini ilipooshwa kwa ajili ya harusi ya wifi yangu halitulii, barabarani linachanja mbuga na mlima linapanda, lakini nikifika kwenye taa nikaachia mafuta tu linatetemeka, linakohoa, kimya, limezima. Jamani, aibu! Honi nyuma, taa ya kijani mbele, na mimi nahangaika na ufunguo. Siku hizi nakanyaga breki kwa vidole na mafuta kwa kisigino, mguu ule ule mmoja, na juzi kisigino kiliteleza nusura niingie na gari kwenye duka la viatu.

Mume wangu anasema mbaya ni mimi. "Mama, mguu wako mzito, gari la mzee halikuwa hivi," na anayasema mbele ya wateja. Mafundi nao kila mmoja anakaza skrubu ile ile ya kabureta, linanguruma kama trekta kutwa nzima, kesho yake linazima tena. Si kwamba mume wangu hajali, injini aliiosha mwenyewe, ni mtu msafi kupindukia, hata kimpira kilichopasuka alikichomoa akakitupa akisema ni takataka. Sasa amepata mnunuzi wa vyuma chakavu, anakuja Jumamosi. Nikikataa ni ugomvi, nikikubali wateja wa mbali ndio kwaheri. Na baya kuliko yote, mshauri, nimeanza kuamini kwamba kweli sijui kuendesha. Nifanyeje?

Mama Mapazia

*

Mama Mapazia, pole sana. Pole ya moyoni. Sasa nikugombeze: huo mchezo wa vidole na kisigino uache leo hii, kabla hujaua mtu. Gari likae nyumbani mpaka lipone.

Halafu, mama, umeandika mistari na mistari kuhusu mguu wako, na kile kimpira umekipitia juu juu kana kwamba ni kifungo kilichokatika! Kikulacho ki nguoni mwako. Nashuku kile kimpira kilikuwa na kazi yake. Kilipotoka kiliacha tundu chini ya kabureta, na injini inavuta hewa humo. Ukikanyaga mafuta haisikii sana. Ukiachia, hewa inazidi petroli, inazima. Hao mafundi walikuwa wanapandisha mngurumo tu, ugonjwa wameuacha pale pale.

Hakikisha mwenyewe. Gari liwe nje penye hewa, gia itoe, vuta breki ya mkono, mtandio ufunge vizuri, na vidole vikae mbali na feni. Injini ikishapata moto achia mafuta, na kabla haijazima vuta kidogo choki, kile kivuto cha kubana hewa. Ikitulia, basi hewa ndiyo imezidi. Tafuta kijibomba kilicho wazi karibu na kabureta, ukizibe kwa kidole. Mlio ukibadilika, umemkamata mwizi wako. Nunua mpira mpya na kibano chake, kisha fundi airudishe skrubu mahali pake. Mlio usipobadilika, mwambie fundi afungue jeti ndogo ya kabureta, kile kitundu cha kupitisha petroli, aipulize kwa upepo, na ole wake akiichokoa kwa waya.

Huyo wa vyuma chakavu mpigie simu asije. Hili si la kujadili.

Ama mumeo, usimsomee barua hii kwa sauti ya ushindi. Hakukusudia, na wewe ulimwachia akulaumu bila kumjibu. Kabla mpira mpya haujafungwa, mwite akae kwenye usukani, wewe uwe kwenye boneti. Aiwashe injini, aachie mafuta, imzimikie yeye. Mwambie aiwashe tena, na safari hii ziba lile tundu. Injini ikinguruma taratibu bila mguu wa mtu yeyote, funga boneti, fungua mlango wa dereva na umwambie, "Baba, sogea pembeni, nakupeleka mimi."