Mtego wa Kumi na Saba

S.L.P. 41,
Piedra Honda, Colorado.
Jumapili, 19 Agosti 2018.

Mpendwa Shangazi Ofelia,

Nimemuua yule jike mzee wa mteremko wa chini, na hakuna anayejua isipokuwa wewe sasa hivi. Nimeliandika hili mwanzo kwa sababu nikianza na salamu najua nitaishia kwenye salamu.

Sasa nikusalimu. Shikamoo, Shangazi. Mgongo unaendeleaje, na huko Alaska baridi imeshaanza kubisha hodi? Sisi hapa ni wazima wa afya. Bibi bado anachoma pilipili za kijani uani kila Jumamosi, na bado anagombana na jogoo wa jirani. Baba anapumzika kidogo, maana theluji haijaja na trekta lake la kuondoa theluji barabarani limelala. Asante kwa sweta uliyonitumia nilipomaliza shule. Naivaa kila alfajiri mlimani.

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini simu iko jikoni, na Baba hukaa jikoni. Halafu kwenye simu ningesema niko salama, basi.

Baba alikwambia kwamba nimepata kazi ya kiangazi kwa Dakta Haugland, yule mama anayekuja kila mwaka kuwahesabu sungura wa mawe, wale wadogo wasio na mkia. Huenda alikwambia mara tatu. Tunafika juu kabla jua halijatoka na kutega mitego ishirini ya waya. Ndani tunaweka kipande cha tufaha na pamba ya kujikunyatia, juu tunaweka ubao wa kivuli. Tunaipitia kila baada ya saa moja. Anayenaswa tunampima uzito, tunasoma rangi za hereni alizovishwa masikioni, tunamwachia. Ikifika saa nne asubuhi, mitego yote lazima iwe imefungwa. Wanyama hawa hawavumilii joto, Shangazi. Saa chache juani ndani ya waya zinatosha kuwaua.

Kwa hiyo Dakta ana sheria moja anayoirudia kila siku. Kila mtego una kibanio cha nguo chenye namba. Ukishaufunga mtego, ndipo unatoa kibanio na kukitia kwenye uzi unaovaa shingoni. Vibanio vikitimia ishirini, tunashuka. Hakuna anayerudi kukagua, maana vibanio vimeshasema.

Mimi nilivifanya viseme uongo. Tangu Julai nilikuwa na njia yangu ya mkato. Nikipanda, nilikusanya vibanio vyote kwanza, halafu nikishuka nafunga mitego mmoja mmoja, mikono yote miwili ikiwa huru. Kazi ilikwenda haraka na nilijiona mwerevu. Sikumwambia mtu, kwa kuwa unajua mimi huwa sisemi.

Jumatatu iliyopita vibanio vyote vilikuwa shingoni na nilikuwa nimeanza kushuka nikifunga, mvua ya mawe ikatukuta. Radi ilipiga ng'ambo ya bonde. Junia, mwanafunzi wa Dakta, aliniita kutoka garini, “Delfina! Unangoja kadi ya mwaliko? Shuka, mtoto wa watu, utabanikwa!”

Nilikimbia. Garini Dakta aliuliza, “Vibanio?” Niliuinua uzi. Alivihesabu kwa kidole hadi ishirini, akasema, “Safi.” Junia akacheka, “Huyu hata radi haimtoi neno. Sungura wa mawe wana kelele kumzidi.” Nikacheka nao.

Mtego wa kumi na saba ulikuwa wazi. Nimejaribu kujiambia kwamba nilidhani nimeufunga. Lakini sitaki kudanganya hapa pia. Sikuwa na hakika, na garini sikusema.

Saa sita jua lilirudi kana kwamba mvua haikuwahi kunyesha. Jumanne njia ilikuwa tope tupu, gari halikupanda. Jumatano mimi ndiye niliyetangulia kufika mteremko wa chini.

Mvua ya mawe ilikuwa imeuangusha ule ubao wa kivuli. Ndani, yule jike alikuwa amelala pembeni, mdomo umegusa waya. Hereni ya njano sikio la kushoto, ya buluu sikio la kulia. Tufaha alikuwa amelimaliza. Nilimtoa, nikamfukia katikati ya mawe mawili, hereni nikazitia mfukoni. Niliufunga mtego. Kwenye daftari, mbele ya rangi zake, niliandika “hajaonekana”. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Alikuwa na miaka saba. Wengi wao hawafiki minne. Miaka tisa iliyopita, Dakta alipoanza, mteremko ule ulikuwa na kumi na wanne. Kisha viangazi vikazidi kuwa vya moto, na mmoja mmoja wakatoweka, hadi akabaki jike huyu peke yake. Alikuwa amebadili tabia. Wenzake wa juu hukata majani mchana, yeye alikata gizagiza kabla ya jua na kushinda shimoni. Shimo lake hutoa ubaridi, maana chini ya mawe kuna barafu ya zamani. Majani machungu yasiyooza upesi aliyaweka akiba kwa ajili ya mwisho wa majira ya baridi. Rundo lake bado lipo. Ninalipita kila siku, na linanukia nyasi kavu.

Jana Dakta alikaa juu ya jiwe na karatasi za kipimajoto alichokiweka mle shimoni.

“Shimo lilikuwa baridi,” alisema. “Wiki nzima baridi. Basi amekwenda wapi?”

“Uzee, Dakta,” Junia akasema. “Bibi wa watu kachoka.”

“Mwezi uliopita alikuwa mzito kuliko wote. Kachoka wapi?”

“Basi muulize msemaji wetu,” Junia akanielekezea kidevu. “Delfina, mwenzako kakuaga?”

Nilitikisa kichwa. Dakta alizikunja zile karatasi, kisha akasema labda amekosea tangu mwanzo, labda hata shimo baridi haliokoi. Akaandika sifuri kwenye safu ya mteremko wa chini na kuipigia mstari.

Joto ndilo lililomuua, Shangazi, hapo Dakta hakukosea. Lakini si joto la shimoni. Kule kwake kulikuwa baridi. Angekuwa hai leo kama nisingemwekea tufaha.

Na sifuri ile si jambo la daftarini tu. Kuna watu wanaotaka kuchimba mawe ya mteremko ule wayatumie barabarani, na miaka yote hii neno la Dakta ndilo linalowazuia. Alikuwa akiwaambia kwamba mnyama anaweza kuishi pale, mfano ni huyu. Mwisho wa kiangazi watoto wa mteremko wa juu hufukuzwa na wazazi wao na kushuka kutafuta mashimo matupu. Shimo baridi kuliko yote sasa ni tupu, na mmoja wao angeweza kuliingia. Lakini Dakta akishaamini kwamba haliokoi, hatakuwa na la kuwaambia wale watu.

Ijumaa hii kuna mkutano katika ukumbi wa shule. Dakta ataueleza mji aliyoyaona, na ameniomba mimi nisome hesabu, kwa kuwa ni mtoto wa hapa. Baba ameshawaambia watu wote wa kituo cha mafuta. Jana alisafisha kofia yake nzuri. “Usome kwa sauti, binti,” ameniambia. “Usisome kama unaomba chumvi kwa jirani.”

Huenda unafikiri nalia. Silii. Ndilo jambo linalonishangaza. Nalala vizuri, naamka kabla ya saa kulia, nakula ninachopakuliwa. Pilipili za Bibi haziniwashi tena. Bibi anasema nimekua. Nikijaribu kumfikiria yule jike, naona namba kumi na saba tu.

Alhamisi tutapanda kuvitoa vipimajoto. Nimekusudia kumwambia Dakta siku hiyo, na hereni nitakuwa nazo, ili nikishindwa kusema nimpe mkononi. Najua ataliulizia daftari, na ataniuliza njia ile ya mkato nimeitumia mara ngapi, na itabidi aitilie shaka kazi yangu yote tangu Julai. Ile barua aliyoahidi kuniandikia kwa ajili ya chuo, nadhani hataiandika. Baba atakaa ukumbini na kofia yake huku mtu mwingine akisoma. Yote hayo nayajua. Lakini siwezi kukuahidi, Shangazi. Wiki hii nimekusudia mara nne, na mara zote nne nimeshuka mlimani bila kusema.

Bibi anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Baba naye anakusalimu. Nisalimie Ismael na mdogo wake Nieves, huyo mdogo mwambie picha aliyonichorea iko ukutani kwangu. Mungu akulinde huko uliko na aupoze mgongo wako.

Hadi barua hii ikufikie, mkutano utakuwa umepita. Usimpigie Baba kwa ajili ya haya, na Bibi usimdokeze. Ngoja Baba akupigie mwenyewe, kama afanyavyo Jumapili, kisha muulize ulikwendaje. Akisema kuna jambo nililomwambia, hapo hakuna siri tena, ongeeni mnavyotaka. Akikwambia nilisoma sifuri na watu wakapiga makofi, basi nilishindwa. Hata hivyo nakuomba unitunzie siri hii. Usimwambie yeyote, na mimi mwenyewe usiniulize.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Delfina