Mafuta ya Taa ya Mutlaq

Jumatano, 30 Novemba

Wametangaza. Dizeli juu, mafuta ya taa juu. Petroli imebaki pale pale — tushukuru kwa petroli, sisi ambao hatuna gari la kuitia! Kila mwisho wa mwezi mji wetu mzima wa Tafila tunakaa mbele ya televisheni kama wanafunzi wanaosubiri matokeo, na kila mwezi tunafeli.

Mume wangu, Baba Ghaith, amezima kabla mtangazaji hajaaga. Basi lake linakunywa dizeli bila haya, na nauli ya Amman hawezi kuipandisha mpaka wakubwa waruhusu. Mama mkwe wangu, Hajja Wadha, alikuwa mahali pake pa siku zote, ubavuni mwa soba, jiko letu la mafuta ya taa, anageuza maganda ya machungwa juu yake ili chumba kinukie. Akauliza imefika ngapi. Nikamwambia. Akasema enzi zake waliota moto wa mavi ya mbuzi, na hakuna serikali iliyowahi kupandisha bei ya mavi.

Nilicheka. Halafu nikakumbuka dumu letu limebaki nusu.

Ijumaa, 2 Desemba

Bwana mmoja kwenye televisheni, koti zuri, tai nzuri, anatushauri tupashe moto chumba kimoja tu. Ahsante sana! Sisi tangu tuzaliwe hatujawahi kupasha viwili. Watu wanne, televisheni, birika, nguo zinazoanikwa — vyote kwenye chumba kimoja, na mwanangu Ghaith na shahada yake ya uhandisi amelala chini ya meza. Hajja akamjibu yule bwana kama vile anamsikia: "Na wewe mwanangu, tai hiyo unaivaa chumba gani?"

Nimegundua Baba Ghaith anateremka mlima wote bila gia ili aokoe dizeli. Kaniambia mke wa mwalimu, alikuwemo. Anasema abiria walitamka shahada kwa sauti moja, hata yule Mkristo wa Karak. Nilipomuuliza, Baba Ghaith alisema watu wakimkumbuka Mungu ni thawabu yake pia.

Si mchezo. Nimemwambia akifa mlimani nitamfufua nimuue mwenyewe.

Jumatatu, 5 Desemba

Malori yamegoma. Mabasi nayo. Baba Ghaith yuko nyumbani tangu asubuhi, ananifundisha jinsi ya kukata vitunguu.

Sheli zimekauka, zote mbili. Anayeuza ni Mutlaq peke yake, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwenye duka la mitungi ya gesi. Kapata petroli kutoka sijui wapi, kaijaza kwenye pipa, na foleni imefika msikitini. Mkewe, Khitam, anapokea fedha amevaa glovu za kuoshea vyombo. Akanipungia mkono: "Mama Ghaith, leo mimi ndiye waziri wa nishati!" Nikamwambia basi apunguze bei. Akasema mawaziri hawana mamlaka hayo.

Alhamisi, 8 Desemba

Theluji inakuja, wanasema. Miguu ya Hajja ilikwisha kusema tangu juzi.

Malori ya mafuta yamefika mawili, chini ya ulinzi. Ghaith alitaka kwenda kupanga foleni sheli, lakini Hajja amekataa katakata. Mafuta ya taa yatoke kwa Mutlaq. Mama yake Mutlaq alikuwa shoga yake, walizaa mwaka mmoja, walinyonyesheana watoto. "Ukimruka jirani ukaenda sheli, siku ya msiba utazikwa na sheli?" Basi. Ghaith kaenda kwa Mutlaq na dumu la bluu, karudi nalo limejaa. Hajja kalipokea kama mjukuu mchanga.

Jumamosi, 10 Desemba

Hajja ameungua.

Jumapili, 11 Desemba

Jana sikuweza. Leo ninaandika kwa sababu nisipoandika nitaendelea kuiona.

Hajja huamka kabla yetu sote. Huswali alfajiri, hujaza soba, huwasha, ili sisi tukifungua macho chumba kiwe kimeshapata joto. Miaka yote hii sijawahi kumtangulia, wala sijawahi kumshukuru, kwa kuwa niliona ndiyo desturi ya nyumba. Jana nilisikia kiberiti. Halafu sauti kama blanketi zito linalokung'utwa. Baba Ghaith ndiye aliyemfunika kwa joho lake la manyoya, mikono yake mwenyewe imebabuka. Ghaith alilisukuma soba mpaka uani, kwenye theluji.

Polisi wamepima dumu. Ni petroli ndani ya mafuta ya taa. Mutlaq amesema mwenyewe, bila kupigwa hata kofi: pipa lile lile alilotilia petroli ya mgomo ndilo alilotilia mafuta ya taa. Alidhani limekauka. Hakulisafisha. Kulisafisha kunakula lita kadhaa za mafuta ya taa, na siku hizi nani anamwaga mafuta chini?

Yuko ndani. Hajja yuko Amman, wodi ya walioungua. Wazee wa mji walikuja jana ile ile wakafunga ahadi ya amani ya siku chache, ili vijana wetu wasiwaguse watu wa Mutlaq. Ghaith hakuwepo wakati wa ahadi. Alikuwa ameshikiliwa na binamu zake wanne nyuma ya nyumba, anapiga kelele.

Jumatano, 14 Desemba

Mgomo umelegea, basi limeondoka, na Baba Ghaith kanipeleka Amman. Mlimani aliteremka na gia.

Hajja kafungwa bandeji mpaka shingoni. Uso umebaki, Mungu mkubwa. Alipofungua macho neno lake la kwanza: "Imefika ngapi?" Nikamwambia haijabadilika, mpaka mwisho wa mwezi. Akasema atangoja basi, aone.

Baba Ghaith alipotoka kuzungumza na daktari, Hajja alinivuta kwa macho. Sauti yake ni ya chini, inachoka.

"Watakuja wazee wa Mutlaq."

"Watakuja, mama. Usijisumbue."

"Watakaa, watawekewa kahawa, hawatainywa."

"Ndiyo desturi, mpaka wasamehewe."

"Mwambie mwanangu awaambie wanywe. Yule mtoto nimemnyonyesha." Akapumzika kidogo. "Ila wasubiri kwanza. Wakae wasikie hiyo baridi kidogo."

Nilicheka na kulia pamoja, muuguzi akanitoa nje.

Ghaith amebaki naye hospitali. Baba yake ndiye aliyeamua hivyo: huko ana kazi, huku ana mikono tu.

Jumamosi, 17 Desemba

Nyumba ni barafu. Soba jipya hatujanunua na la zamani bado liko uani, jeusi, paka hawalikaribii. Jirani wa juu alitaka kutuazima la gesi. Baba Ghaith kakataa. Mimi nami sitaki kusikia kiberiti. Jana gari la gesi lilipita na muziki wake ule wa kitoto wa kuita wanunuzi, nikajikuta nimeziba masikio jikoni.

Mchana mlango wa jikoni ukagongwa. Khitam. Amebeba jiko lao wenyewe la gesi, mtungi na kila kitu, amepinda mgongo.

"Sikuja kuomba kitu, dada. Nimeleta hili. Mtakufa kwa baridi."

"Rudi nalo."

"Mama Ghaith, Hajja ni mama yetu pia..."

"Nimesema rudi nalo, Khitam! Watoto wako watalala na nini?"

Aliliweka chini. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, na nilikasirika kwamba ni mimi. Akaniuliza Hajja anakula? Nikasema uji. Akasema alhamdulillahi, akalibeba tena jiko lake akaondoka, na kitako cha mtungi kikakwaruza ukuta wetu. Nimemchukia sana leo. Na nilitaka aingie.

Jumapili, 18 Desemba

Baridi. Nimevaa soksi za Baba Ghaith juu ya zangu. Sina la zaidi.

Alhamisi, 22 Desemba

Dukani hakuna anayezungumza bei ya mafuta mbele yangu tena. Nikiingia wanahamia bei ya mayai. Mke wa mwalimu peke yake ndiye asiyejua kunyamaza: kasema kwao wamechoma kabati la nguo, mlango mmoja mmoja, na mumewe sasa anaulizia meza ya kulia. Nilimpenda kwa hilo.

Ghaith kapiga simu. Kidonda cha kifuani kimeingia uchafu. Homa. Madaktari wanasema tuombe.

Na watu wa Mutlaq wanaomba siku ya kuja. Wanataka wamuone Baba Ghaith wakati Hajja bado yu hai. Hawasemi hivyo, lakini kila mtu anajua hesabu yake. Mtu aliyeungua akasamehe ni jambo moja: fidia kidogo, wazee wakae, maneno yaishe, na jaji naye hulegeza. Mtu akifa kabla ya neno, hiyo ni damu. Khitam na watoto wake, na kaka zake Mutlaq wote, itabidi wafunge mizigo wahame mji. Mwezi wa Desemba! Waende wapi?

Jumatano, 28 Desemba

Nimemwambia Baba Ghaith maneno ya Hajja. Nilikuwa nimeyabana wiki mbili, nikingoja apoe. Alikuwa anapaka dawa mikononi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama yangu ana huruma kwa kila mtu, hata kwa waliomchoma."

"Kwa hiyo utawaambia wanywe?"

"Akirudi nyumbani atawaambia mwenyewe."

"Na asiporudi?"

Kaniangalia vibaya sana. Halafu akaondoka kwenda kulala kwenye basi. Basi! Basi nalo ni barafu, lakini afadhali halimuulizi maswali.

Amewapa watu wa Mutlaq Jumamosi, baada ya alasiri.

Jumamosi, 31 Desemba

Wapo sebuleni. Ninaandika jikoni, juu ya gunia la mchele, kwa kuwa mikono yangu haijui ishike nini.

Wamekuja wengi, wazee wa koo nne au tano, na mbele yao mzee wa Karak mwenye ndevu nyeupe ambaye maneno yake, wanasema, hata jiwe huyasikia. Wameketi na makoti. Chumba kizima ni makoti. Hakuna moto, na hakuna aliyeuliza kwa nini hakuna. Baba Ghaith amekaa pale pale pa Hajja, pembeni mwa nafasi ya soba, duara jeusi bado liko sakafuni.

Nilipika kahawa yenyewe, chungu, na iliki nyingi. Binamu yake Baba Ghaith kaimimina, mzee akapokea kikombe chake, akakiweka chini mbele yake. Wote wakaweka chini. Mzee akasema, "Baba Ghaith, tumeingia nyumbani kwako na haja. Kahawa yako hatuinywi mpaka tujue haja yetu imefika wapi."

Baba Ghaith kaangalia lile duara la sakafuni.

Mzee kamwaga maneno ya jirani, ya ziwa moja walilonyonya Baba Ghaith na Mutlaq, ya Mungu na kusamehe. Hapo niliona kupitia ufa wa mlango Baba Ghaith akifuta macho kwa bandeji ya mkono. Nikasema moyoni: sasa. Atasema sasa.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Nikafikiri ni Ghaith, kumbe ni ujumbe wa kundi la wanawake wa mtaa. Bei za mwezi mpya. Dizeli imeshuka kidogo. Mafuta ya taa yameshuka. Yameshuka! Mtu mmoja kaweka picha ya keki. Nikataka nimpigie Hajja nimwambie. Alisema angengoja aone.

Ikalia tena.

Ghaith: "Bibi amefariki sasa hivi. Wasinywe mama. Mwambie baba wasinywe."

Nimesoma mara nyingi sana, labda maneno yangegeuka.

Hajja wangu. Na nani ataamka alfajiri?

Hakuna anayejua ila mimi na mtoto wangu. Nikifungua mlango huu nikasema, wageni watasimama, watatupa pole, watatoka, vikombe vimejaa. Na usiku huu Khitam ataanza kukunja blanketi. Nisipofungua, Baba Ghaith akasema neno lake kwanza, limeshasemwa. Mwanamume wa huku haliruki neno alilolitoa mbele ya kahawa. Lakini atakuja kujua. Atajua saa, atajua simu ilikuwa mkononi mwa nani, na Ghaith atajua, nami nitaishi nao chumba kimoja hiki hiki kila baridi mpaka nife.

Hajja alisema wanywe. Alisema pia wasubiri kidogo wasikie baridi. Nimewaangalia. Mzee wa Karak anatetemeka, kidevu kabisa, na anajifanya anasoma uradi. Kahawa haitoi moshi tena. Wamesikia, Hajja. Wameisikia.

Simu inalia. Sasa anapiga. Nimeibana na mto wa kiti isisikike.

Baba Ghaith anakohoa — anakohoa hivyo hivyo kila anapotaka kusema. Mto unatetemeka mapajani mwangu, na mimi sijainuka.