Kipochi cha Kadi za Nashon

Kawangware,
3 Septemba 2025

Kwako wifi yangu Apiyo,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mimi sijambo, ila mzee wangu Murunga anakohoa tangu baridi ya Julai. Ukipita hapo Olympic anapolinda geti, utamsikia kabla hujamwona. Wewe je, lile tumbo linakuacha ulale? Na Audrey, shule inaendaje? Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu tumekatiana mara mbili wiki hii, na barua huwezi kuikata katikati.

Kipochi ndicho hicho alichokuletea Murunga. Sikutaka kadi za rambirambi za kaka yangu zitolewe mbele ya kanisa kutoka kwenye mkebe wa biskuti. Uso wake ni ile kalenda yangu ya maua, na nyuma nimebandika karatasi ya kaki ili kiwe kigumu. Gundi nimepika mwenyewe, unga wa ngano na chumvi kidogo. Ndani nimekunja mifuko midogo, kila kadi na mfuko wake, zisisuguane. Kifungo ni ushanga wa karatasi niliousokota kwa kijiti. Tafadhali usikiweke karibu na jiko, mvuke utakilegeza.

Jumapili ya tarehe 14 Nashon anatimiza mwaka tangu atuache, na mzee wa kanisa atazisoma moja baada ya nyingine. Kisha Ijumaa inayofuata unapasuliwa. Kitanda cha Audrey nimeshatandika. Yule ni damu ya kaka yangu, akae kwa shangazi yake. Nijibu ndiyo tu, nitulie.

Ni mimi wifi yako,
Jael


Kianda, Kibera,
5 Septemba 2025

Kwa wifi Jael,

Nimepokea salamu zako. Pole kwa kikohozi cha Murunga, mpe tangawizi. Mimi tumbo ni lile lile, linaniamsha likitaka. Audrey ni mzima.

Kipochi ni kizuri, sitakunyima hilo. Wanza, jirani yangu yule wa Machakos anayesuka viondo, alikigeuzageuza akasema, "Mama Audrey, huyu mtu ako na mikono! Lakini mbona huu mfuko wa mwisho hauna kitu?" Audrey akahesabu. "Mum, pocket ni seventeen, kadi ni sixteen. Moja imeenda wapi?"

Nami nakuuliza vivyo hivyo. Imeenda wapi?

Nimekujua miaka kumi na tatu. Wewe hutupi karatasi hata ukubwa wa ukucha. Vipande vya pembeni unavisokota ushanga, bahasha za kanisa unazigeuza unazitumia tena. Leo umekunja mfuko mzima usio na kazi? Zile kadi mimi sijazisoma, unajua. Tangu siku ile tulipomwombea hapa kabla mwili haujasafirishwa nyumbani, nilizifungia kwenye mkebe kwa kamba. Na ni wewe uliyeziomba. Mimi sikukutuma kipochi.

Kuhusu Audrey, bado sijasema ndiyo. Daktari anasema upasuaji ni wa kawaida, lakini watu wameingia kwa mambo ya kawaida wasitoke. Nikimwachia mtu mtoto wangu, huenda nimemwachia moja kwa moja. Kwa hiyo lazima nijue mtu huyo ananificha nini.

Wifi yako,
Apiyo


Kawangware,
7 Septemba 2025

Wifi Apiyo,

Hujambo? Sisi huku hatujambo sana, maana barua yako imenilaza bila chakula.

Kwa hiyo mimi ni mwizi wa kadi. Nimekaa siku nne na gundi mpaka vidole vimechubuka, na asante yangu ni kuhesabiwa mifuko! Ule wa mwisho ni pambo. Mikunjo ikiwa kumi na sita kipochi kinaegemea upande mmoja, ikiwa kumi na saba kinasimama. Mwulize huyo Wanza wako, kama kweli anajua kazi ya mikono.

Na tukianza kuulizana, mkebe ulikaa kwako mwaka mzima. Chumba chenu kinaingiwa na kila mtu, huyu anaomba chumvi, yule anachaji simu. Kama hukuzisoma, ulijuaje zilikuwa ngapi? Labda wewe ndiwe unayenitegea. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini ulinipa mkebe haraka vile, wewe ambaye hata sufuria hukopeshi.

Usimhusishe mtoto na hasira zetu. Kitanda bado kimetandikwa.

Jael, wifi yako


Kianda,
9 Septemba 2025

Kwa wifi Jael,

Natumaini sasa umekula. Mimi nimekwenda kupimwa damu, wamesema iko sawa.

Nilikisimamisha kipochi mezani, nikakisukuma kwa kidole. Kinaegemea upande mmoja hata kwa hiyo mikunjo yako kumi na saba. Kisha nikaingiza kidole kwenye ule mfuko wa pambo. Mdomo wake umetanuka kama mingine yote, na chini kuna alama ya pembe ya kadi. Mfuko ambao haujawahi kuvaa kitu hukaa umebana. Wewe mwenyewe ulinifundisha hilo, mwaka tuliotengeneza bahasha za harusi ya binti wa mwalimu.

Sikuulizi kadi ilikuwa ya nani. Sikuulizi ilisema nini. Nakuomba uirudishe kabla ya Jumapili, kama ilivyo. Nasema tena, kama ilivyo. Ukifanya hivyo nitampakia Audrey nguo zake na nitamleta mwenyewe.

Wifi yako,
Apiyo


Kawangware,
12 Septemba 2025

Wifi yangu mpendwa Apiyo,

Salamu za upendo! Mungu ni mwema, hata kikohozi cha Murunga kimepungua. Wewe endelea kunywa uji, uingie huko hospitali na nguvu.

Wifi, imepatikana! Ilikuwa imenasa chini ya ubao ninaowekea mawe wakati gundi inakauka. Nimecheka mpaka machozi. Na sasa utajua kwa nini niliruka kama niliyeumwa na siafu: ni kadi yangu mwenyewe. Niliona haya kusema kadi iliyopotea ni ya mwenye kazi, nikatunga yale ya pambo. Nisamehe kwa hilo.

Iko ndani ya bahasha hii. Utaona niliandika, "Kaka Nashon, ulipata mke mwema aliyekuhangaikia mpaka dakika ya mwisho. Lala salama, Apiyo tutamtunza." Ndivyo nilivyohisi siku ile na ndivyo ninavyohisi leo.

Itie mfukoni mwake. Tuonane kanisani Jumapili, na umlete Audrey na begi lake.

Wako, wifi anayekupenda,
Jael


Kianda,
15 Septemba 2025

Kwa Jael,

Nakusalimu, na Murunga pia.

Jana zote kumi na saba zilisomwa. Yako ilipofikiwa akina mama walisema "aki, Jael", na aliyeketi mbele yangu alijipangusa macho. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Uliinamisha kichwa ukaitikia amina pamoja na wengine. Nilikusubiri nje, ukapitia mlango wa nyuma.

Nilikudanganya. Zile kadi nilizisoma, siku ya tatu tuliporudi kutoka mazishini, kisha nikaifunga kamba vile vile. Kumi na sita zilisema Mungu alimpenda zaidi. Ya kumi na saba haikuwa na jina, lakini mwandiko wako naujua, na haikusema hivyo. Nimekaa na maneno yako mwaka mzima. Nimekupikia, nimekusindikiza mpaka steji ya matatu, sijakuonyesha uso mbaya hata siku moja. Ulipouomba mkebe nilijua unachotafuta, nikakupa nione utafanya nini. Kwa hiyo ndiyo, nilikutega, hukukosea.

Ungeichoma ukanyamaza, ningeelewa. Ungeirudisha, ningekushika mkono. Lakini umekaa ukakata karatasi mpya ya manila, ukaweka tarehe ya mwaka jana, ukanisifu kwa uongo mbele ya kanisa zima.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ni kweli tulichelewa. Jumamosi ile Nashon alitaka twende hospitali. Mimi ndiye niliyesema ni asidi ya tumbo tu, nikampa maziwa, nikasema tungoje Jumatatu. Tangu siku hiyo kila mtu ananipa pole. Kadi yako peke yake ndiyo iliyoniambia nilichofanya. Iliniuma, Jael, na niliisoma kuliko zote, kwa sababu ilikuwa inazungumza na mimi mwenyewe, si na mjane.

Audrey atakaa kwa Wanza. Si kwa sababu unanichukia. Anayenichukia akanieleza ningemwachia mtoto wangu. Anayenichekea hivi, sijui atamwambia nini mimi nikiwa sipo.

Ninalazwa Alhamisi.

Apiyo


Kawangware,
17 Septemba 2025

Kwa Apiyo,

Leo sikuulizi hali, nimeisoma kwenye barua yako.

Kadi niliichoma jikoni siku niliyomaliza kipochi. Nilipokuwa nakunja mifuko sikuwa nimeamua kuiondoa, ndiyo maana nilikunja kumi na saba. Niliitia, nikaitoa, nikaitia tena. Mwishowe niliogopa itakaposomwa mwandiko wangu utajulikana, na watu wa kanisa watanionaje. Sikukuogopa wewe, wala sikukuonea huruma, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko moto wenyewe.

Lakini naikumbuka neno kwa neno. Naiandika hapa kwenye karatasi ya daftari, bila pambo:

"Apiyo, kaka yangu alikuambia anaumwa na hukumsikia. Ningekuwa karibu ningembeba mgongoni. Kila nikikuona namwona akiomba apelekwe. Sijui kama nitakusamehe."

Ndiyo hiyo, sijapunguza. Ukiniuliza leo, bado naamini ulichelewa, na bado nataka utoke salama Ijumaa. Yote mawili ninayo na sijui niyafanyeje.

Kuna jambo ambalo kadi haikusema. Jumamosi ile Nashon alinipigia na mimi. Akasema, "Dada, hii tumbo si ya kawaida." Nilikuwa na oda ya bahasha, mikono yangu imejaa gundi. Nikamwambia amsikilize mke wake, nikakata simu.

Audrey abaki kwa Wanza. Jumamosi saa nane, wakati wa kuona wagonjwa, nitakuwa huko. Ukiwaambia wauguzi nisiingie, nitakaa kwenye benchi la nje mpaka wakati uishe.

Wifi yako,
Jael