Kaye ya Majina na Batri ya Fonie

Neema mujukuu wangu,

Hapa Baraka tuko wazima, ila nyumba imenyamaza tangu tuzike mama ya baba yako. Mihogo aliyoloweka, ile ya kijiji cha Mboko, imeozea ndani ya maji.

Unauliza kama ni kweli, vile mwalimu wako wa kompyuta anasema, kupanga majina vibaya ndani ya mashine kunamaliza moto wa batri. Ni kweli. Mimi nilifanya hilo kosa kwa kaye, daftari la karatasi.

Wakati wa vita nilikuwa naandika majina ya bakimbizi ndani ya kaye, kando ya fonie, ile redio ya kuongea na batu wa ng'ambo ya ziwa. Niliandika kila muntu vile alivyofika, wa kwanza juu, wa mwisho chini, asije akasema nimemuruka. Siku moja sauti ya muzee ikauliza kutoka Kigoma: “Binti yangu Riziki iko kwenu?”

“Ngoja, baba, natafuta.”

Nikafunua ukurasa kwa ukurasa, mashine ikiwa wazi, ikikula moto. Muzee alirudia swali mara tatu. Nilipofikia lile jina, batri ilikuwa imezima. Tulipopata ingine, yeye hatukumupata tena.

Kesho yake nilianza kaye ingine, kila herufi na ukurasa wake. Tangu hapo jina nililipata mara moja.

Riziki huyo ndiye niliyekuja kumuoa, mama ya baba yako. Sikumuambia. Tumemuzika akiamini kwamba baba yake hakumutafuta.

Ni mimi, babu yako.